Kukaa Ndani na Kutoka: Lushoto Peke Yangu, Kisha Tanga

Shangazi alikuwa akichagua mchele kwenye ungo nilipomweleza kwamba ningekwenda Lushoto, kule milimani Usambara, peke yangu, nikae huko siku kadhaa bila kazi na bila mwenyeji, kisha nishuke Tanga mwishoni mwa wiki kabla ya kurudi Dar es Salaam. Mkono wake ulisimama juu ya mchele. Aliokota chuya moja, akaitupa, ndipo akauliza:

"Mwanangu, unaumwa?"

Nilimjibu kwamba siumwi. Akauliza kuna nani huko Lushoto. Nikamwambia hakuna mtu ninayemfahamu. Akaliweka ungo chini kabisa.

"Mtu mzima hajitengi bure. Anayetengwa ni mwali, au mzazi, au mjane aliye edani. Wewe ni yupi katika hao?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Safari imekwisha, nguo zimefuliwa na kazi imenimeza tena, lakini swali hilo halijaniachia. Kila ninapotaka kumsimulia mtu kuhusu mapumziko yale, najikuta namjibu shangazi.

## Mzima anayeonekana mgonjwa

Sitaeleza sana jinsi nilivyofika pale, kwa sababu wengi mnaosoma mnaijua hali yenyewe: usingizi unaokatika saa tisa za usiku, simu inayokaguliwa kabla ya kunawa uso, hasira zinazowashukia watu wasiohusika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa aina hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likaufafanua kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na likasema wazi kwamba si ugonjwa. Kwa hiyo nilimjibu shangazi ukweli. Sikuwa mgonjwa. Lakini hata uzima nisingeweza kuuapia.

Wenzangu wengi wakichoka namna hii huvuka maji. Huenda Paje au Jambiani, kule Zanzibar, wakapata ratiba kamili ya mazoezi ya yoga alfajiri, masaji, vyakula vyepesi na bahari mbele ya dirisha. Siwalaumu hata kidogo, maana nimewaona wakirudi na nyuso zilizotulia. Mimi nilihitaji baridi, kwa kuwa nalala vizuri penye baridi, na nilihitaji mahali ambapo hakuna mtu angeniambia sasa ni saa ya kutulia.

## Simu kwenye droo

Basi linapoiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, joto la tambarare hubaki chini. Njia ni ya kilomita thelathini na ushei tu, lakini ni kona tupu, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde, na maporomoko ya Soni yakitokeza ubavuni kabla hujaingia Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nilifikia kwenye nyumba ndogo ya wageni upande wa njia ya Irente. Nilimpa mwenye nyumba simu yangu, nikamwomba aifungie kwenye droo ya meza yake na anipe jioni tu, ili niwajulishe ndugu kwamba niko salama. Aliichukua kwa mikono miwili kana kwamba nimempa amana, na hakuniuliza sababu.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri kwa namna ambayo haina habari ndefu. Niliamka na ukungu, nikatembea, nikala, nikalala mchana bila kuona haya. Nilifika msitu wa Magamba na mwongozaji mmoja asiyependa maneno mengi, tukasimama muda mrefu chini ya miti mirefu tukiwatazama mbega weusi kwa weupe wakihama tawi hadi tawi. Mchana mwingine nilikula kwenye shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, ambako hutengenezwa mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano), jibini laini na jamu za matunda ya milimani. Niliutafuna ule mkate taratibu sana, nikagundua kwamba kwa miaka mingi chakula changu cha mchana nimekila huku macho yakiwa kwenye kioo cha simu.

Njiani nilipishana na akina mama waliojitwika kabichi na karoti wakishuka sokoni. Walinisalimu, "Onga makeo," nami nikajibu kwa Kisambaa changu cha kuungaunga, wakacheka na kupita. Nilikuja kuwakumbuka baadaye, na nitawarudia.

## Usiku uliogeuka

Kisha ukaja usiku ambao ukimya ulinigeuka.

Sikutarajia. Nilidhani utulivu ukishaanza huongezeka tu, siku hadi siku, mpaka mtu arudi kwake akiwa mwepesi. Usiku ule mvua ilinyesha juu ya bati, umeme ukakatika, na nikiwa nimejifunika blanketi mbili nilianza kulia, na kilio hakikuwa cha kazi. Kilikuwa cha mama yangu.

Mama alipofariki tulimzika siku hiyohiyo, tukakaa matanga siku tatu kama ilivyo desturi, na mara tu baada ya hitima ya tatu nilikuwa kwenye kiti changu ofisini, nikijibu barua za watu. Hakuna aliyenilazimisha. Kila mtu alinisifu kwa ujasiri, na zile sifa zikanifungia mlango. Nilipata muda wa kupokea pole, lakini sikupata muda wa kumlilia. Siku tatu ni za dini na zinatosha kwa lililokusudiwa, yaani watu wasijitese kwa maombolezo yasiyo na mwisho. Kazi ya moyo, hata hivyo, haihesabiwi kwa siku, na mimi kazi hiyo nilikuwa sijaianza.

Nililia hadi karibu na adhana. Asubuhi nilitembea mpaka ukingo wa Irente, pale jabali linapokatika ghafla na nchi yote ya chini kulala mbele yako, mashamba ya mkonge ya Mazinde yakiwa mistari ya kijani iliyonyooka na nyika ikiendelea hadi isipoonekana tena. Nilikaa hapo bila wazo lolote la maana. Upepo ulikuwa mwingi na nilikuwa nimechoka kwa uchovu ulio tofauti na ule nilioondoka nao Dar es Salaam.

## Waliotangulia kupumzika

Niliporudi mezani kwa mwenye nyumba nilimwuliza kuhusu majengo ya zamani ya mjini, tukaingia kwenye historia ambayo nisingependa kuiruka, kwa sababu inahusu mapumziko yenyewe.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na walioukimbilia walikuwa maofisa na walowezi waliotaka hewa baridi, mbali na joto na malaria ya pwani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo mtu aliweza kushuka melini Tanga, akapanda treni, kisha akapandishwa mlimani kwenda kuponya mwili. Kwa hiyo safari yangu ya mlima na bandari haikuwa uvumbuzi wangu. Ilikuwepo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ila ilikuwa ya watu wengine. Mwaka huohuo wa 1893 mkonge uliletwa nchini, ukapandwa kwanza upande wa Pangani, na mashamba yaliyofuata, pamoja na yale niliyoyatazama kutoka Irente, yalijengwa kwa migongo ya vibarua waliotolewa mbali na kwao. Wachache walipumzika juu. Wengi walikata mkonge chini.

Hapo ndipo niliwakumbuka wale akina mama wa kabichi. Mimi nilikuwa nikitembea njia yao kwa ajili ya kutuliza akili, wao wakiitembea kwa ajili ya karo na unga. Sikuona sababu ya kujitia hatia juu ya jambo hilo, kwani hatia yangu isingempunguzia mtu mzigo, lakini niliona ni haki kulisema: mapumziko ya namna hii yana gharama ambayo si kila aliyechoka anaweza kuilipa, na waliochoka kunizidi walikuwa wakinisalimu kila asubuhi.

## Stendi ya Lushoto

Nikaribie sasa kwenye shaka yenyewe.

Siku ya kushuka Tanga ilipofika, sikutaka kwenda. Kitu kigumu kilikuwa kimefunguka ndani yangu na nilihofia kwamba mji ungekiziba. Niliwaza honi, vumbi, wapiga debe, watu wa kuuliza maswali. Marafiki wawili walikuwa wameniambia kabla sijaondoka kwamba kuchanganya mapumziko ya utulivu na matembezi ya mjini ni kuharibu vyote viwili, kwa sababu kila ulichokusanya mlimani utakimwaga sokoni. Asubuhi ile niliamini wako sahihi. Nilisimama stendi alfajiri, sweta hadi shingoni, nikijishauri kuongeza siku mlimani kisha nipande basi moja kwa moja hadi Dar es Salaam.

Kilichonipeleka Tanga hakikuwa hekima. Mwenye nyumba alikuwa ameshapokea wageni wengine katika chumba changu, na konda wa basi la Tanga alishalichukua begi langu na kulipakia.

Tukashuka Mombo, joto likatupokea. Korogwe, Segera, kisha Muheza na machungwa yake yaliyopangwa kando ya barabara. Kadiri tulivyoikaribia bahari nilizidi kunyamaza, na moyoni nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba mwisho wa wiki huo umepotea.

## Ngamiani, asubuhi

Tanga ni jiji tangu mwaka 2005, lakini ni jiji lisilo na haraka. Baiskeli ni nyingi, mitaa ya Ngamiani imenyooka na mingi inaitwa kwa namba, na mtu anaweza kuvuka barabara bila kukimbia. Jumamosi asubuhi nilitoka kutafuta chai, nikamkuta mama mmoja barazani kwake akipika vitumbua.

Nilisimama kumtazama. Aliinua rojo la mchele na tui kwa upawa, akajaza vishimo vya chuma kimoja kimoja bila kumwaga hata tone pembeni, akadondosha mafuta kidogo kila ukingo, akasubiri. Harufu ya iliki ilipopanda alichukua spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha, akakichoma kitumbua pembeni, akakizungusha mara moja, nacho kikageuka na kuonyesha mgongo wa kahawia. Alifanya hivyo kwa vyote mpaka chuma kizima kikageuka, na muda wote huo alikuwa akizungumza na jirani yake kuhusu bei ya nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wewe. Umekuja na nani?"

Swali lilelile la shangazi. Nilijibu kwamba nimekuja peke yangu, nikajiandaa kwa maswali yatakayofuata.

"Basi kaa hapo, usile umesimama. Nishikie na hiyo sahani."

Hayakufuata maswali. Nilikaa kwenye kigoda, nikashika sahani, nikawapokelea watoto pesa na kuwarudishia chenji, nikala vitumbua na chai ya mchaichai, na kwa muda wa saa nzima nilikuwa mtu miongoni mwa watu. Hakuna aliyejua cheo changu. Hakuna aliyejua msiba wangu. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Barazani pale aliyekuwa akipona ni mgeni.

Mchana huohuo kulikuwa na harusi. Gari la matarumbeta lilipita polepole, nyuma yake wanawake waliovaa sare za kitenge cha aina moja, na mmoja wao, nisiyemjua wala asiyenijua, alinishika mkono akanivuta niende nao hatua kadhaa. Nikaenda. Nilicheza barabarani Tanga, siku chache tu baada ya kumlilia mama yangu gizani Lushoto, na kile nilichohofia kuzibwa hakikuzibwa.

## Mwali hutolewa

Wiki kadhaa nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Jibu nililonalo limetoka kwenye maneno ya shangazi mwenyewe. Alisema anayetengwa ni mwali, mzazi na mjane, na alisema kweli, lakini hakuimalizia habari yao. Mwali huwekwa ndani na kungwi, akafunzwa, kisha siku ikifika hutolewa nje kwa ngoma na vigelegele, watu wote wamwone. Mzazi hukaa arobaini, na arobaini ikitimia yeye na mtoto hutoka, watu huja kula na kumpongeza. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha huoga, hubadili nguo, na wanawake wenzake humzunguka siku hiyo. Aliyekaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani hutoka msikitini akaikuta Idi, mji mzima umevaa nguo mpya. Sijapata kuona, katika desturi zetu za pwani, kukaa ndani kusikokuwa na siku ya kutoka mbele ya watu.

Mapumziko tunayouziwa leo yana kukaa ndani tu. Yana chumba, ukimya, maji ya ndimu na mkeka wa mazoezi. Yakiisha, mtu hubebwa na teksi hadi uwanja wa ndege au bandarini, na kesho yake yuko kazini. Anatolewa na nani? Anapokelewa na nani? Nadhani ndiyo sababu wengi husema utulivu wao uliisha ndani ya wiki. Hawakuwa wavivu wa kuudumisha. Walitolewa ndani na kutupwa moja kwa moja kwenye madai ya wanaowajua, kabla hawajakaa na watu wasiowadai chochote.

Naamini pia kwamba nyumbani kusingeweza kunifanyia kazi hiyo. Nyumbani ninapendwa, lakini ninahitajika. Tanga nilisalimiwa na watu ambao hawakunihitaji, na kwa mtu aliyetoka kuvunjika kidogo, hiyo ni salamu ya aina yake.

Jumapili nilipanda bodaboda hadi mapango ya Amboni, kaskazini mwa jiji. Mwongozaji alituonyesha, kwa mwanga wa tochi, sehemu ambako watu huja na maombi yao: uzazi, maradhi, kazi. Chini kulikuwa na chupa za marashi na sarafu. Sina la kusema kuhusu imani hiyo isipokuwa kwamba wanaoingia mle gizani na shida zao huwa na waliowasindikiza, wakiwangoja nje juani. Nilipotoka, mwongozaji alitaja ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekaa Tanga, alimpelekea baba yake Ulaya mnamo 1892, na ambalo leo, kwa jina la Kiingereza African violet, hukaa madirishani duniani kote. Linamea kiasili huku pwani na kule milimani Usambara pia. Nilifurahi kulisikia, kwa kuwa nilikuwa nimeiona milima na jiji kama sehemu mbili zinazogombana.

## Kwa anayefikiria kwenda

Msomaji mmoja ameniuliza kama ingefaa kuanza na jiji. Kwangu hapana. Ukianza na jiji utapanda mlimani na gumzo lake, na siku zako za kwanza zitapotea ukilishusha. Panda kwanza, kaa, kisha ushuke. Kama umechagua Jambiani, basi mahali pako pa kutokea ni Mji Mkongwe. Lakini usifikie kwenye hoteli yenye kuta ndefu, fikia mtaani, ule penye watu.

Chagua mji ambao si wako. Usimpigie simu ndugu wa mbali anayeishi hapo, hata kama ni mkarimu, mpaka siku ya mwisho, kwa sababu ukimpigia mapema utageuka mgeni wa heshima na utaandaliwa pilau badala ya kupumzika. Chukua basi la asubuhi kutoka Lushoto, usisubiri la mchana, ili ufike Tanga kukiwa na mwanga na uende Raskazone, ufukweni, kutazama watu wakipunga upepo. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, mjulishe mtu mmoja kila jioni mahali ulipo, na mwambie mwenye nyumba ya wageni ukweli kwamba uko peke yako. Kwangu ukweli huo ulinilinda, maana walinichunga.

Kama una msiba uliouweka kando, ujue kwamba ukimya utauleta. Usiupange mwisho wa safari. Upe siku zake mlimani, na usikubali ofisi ikuwekee kikao asubuhi ya Jumatatu. Omba Jumatatu yote, urudi na basi la mchana wa siku hiyo, na simu uiwashe ukishavuka Chalinze.